Kabla ya Kumfukuza Mtoto

Bibi yangu mzaa mama alijifungua mtoto wake wa kwanza katika boma la Wadatooga, mbali na kwao. Hakwenda huko kutembea. Alifukuzwa. Alipata mimba kabla ya kuolewa, na kwetu Wairaqw enzi hizo mimba ya namna hiyo haikuwa aibu ya binti na wazazi wake peke yao. Ilihesabiwa kuwa hatari kwa nchi nzima. Wazee waliamini kwamba mvua itakatika, ng'ombe watatupa mimba na mtama utakauka kabla ya kukomaa. Kwa hiyo binti alitakiwa aondoke kabla tumbo halijaonekana.

Waliompokea ni watu ambao wazee wetu walikuwa wakigombana nao kwa ajili ya malisho na ng'ombe. Kwa Wadatooga mtoto aliyezaliwa bomani ni mtoto wa boma, na hakuna aliyekaa kuhesabu miezi. Bibi alikaa nao mpaka mtoto alipoanza kutembea. Huyo mjomba wangu mkubwa alijua Kidatooga kabla ya Kiiraqw, na hadi uzeeni alikuwa akikutana mnadani na wazee wa Kidatooga wakiamkiana kama ndugu wa tumbo moja.

Tulikuwa pia na desturi iliyoitwa metimani. Nyumba iliyofiwa na mtoto, mwanamke aliyeharibikiwa mimba, mjane: hao waliwekwa kando na wenzao kwa miezi mingi. Hawakwenda kuomba moto kwa jirani. Hawakunywa pombe katika kibuyu kimoja na watu. Mifugo yao ilichungwa peke yake, na penye mkutano wao hawakuonekana. Mama aliyezika mtoto, saa anapomhitaji jirani kuliko saa nyingine yoyote, ndipo jirani alipomkwepa. Wazee waliosimamia jambo hili hawakuwa watu wabaya. Waliipenda nchi yao na waliogopa kwa niaba yake. Nalisema hilo kwa sababu woga ule ule nauona tena leo, kwa watu wazuri vilevile, na wanaofukuzwa safari hii ni watoto wetu wanaopenda watu wa jinsia yao: mashoga, wasagaji, na wengine ambao hata wenyewe hawajapata jina la kujiita.

Kwetu ni Gehandu, na Gehandu utaikuta Mbulu na utaikuta Hanang. Nimezaliwa upande mmoja na nimefanya kazi pande zote mbili, nikiwa muuguzi na mkunga, mpaka nilipostaafu. Muuguzi wa kijijini huingia katika nyumba za watu saa ambazo hata padri haingii. Najua nani ana mtoto wa nje, nani hana uwezo wa kuzaa na anamsingizia mkewe, nani anameza dawa za kufubaza virusi na kuzificha kwenye debe la unga. Chuoni tulifundishwa kwamba siri ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Nimeishi na fundisho hilo mpaka limekuwa tabia yangu hata nje ya zahanati.

Ndiyo maana mama ninayetaka kumzungumzia sitamtaja, wala zao analolima. Alinijia jioni, mwanawe nyuma yake, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye ni fundi. Kijana aliniamkia, "Shikamoo, aama," kwa heshima tunayompa bibi, kisha akabaki nje karibu na zizi. Mama akaingia, akakaa, akashindwa kuanza. Mwishowe akasema, "Nesi, nasikia kuna sindano."

Sindano ya nini? Akaeleza kwa mafumbo, na mafumbo hayo nilishayasikia kwa wengine. Kijana alikutwa na ujumbe kwenye simu, kutoka kwa mwanamume mwenzake. Dada yake aliusoma, akamwambia mama, mama akamwambia baba. Mganga mmoja alikuwa ameshaomba mbuzi mweusi na hela. Baba alitoa neno moja tu: kijana aondoke kabla jumuiya haijajua.

"Ameiba?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Amempiga mtu? Amemwingilia mtoto wa mtu?"

"Hapana, jamani. Nesi, huyu ndiye aliyetuezekea nyumba mabati."

"Basi tunatibu nini?"

Nikamweleza ninayoyajua, na nayaandika hapa kwa ajili ya wazazi wengine ambao hawana nesi wa kumwendea. Hakuna sindano kwa sababu hakuna ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali hii katika orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Madaktari wa akili wa Marekani walikuwa wameshafanya hivyo tangu 1973. Waliojaribu kuwabadilisha watu kwa dawa, kwa mishtuko ya umeme, kwa kuwafungia ndani, wameacha watu wenye makovu na huzuni, na hawajaweza kuonyesha kwamba mapenzi ya mtu yamegeuka kwa njia hizo.

Mama akauliza swali ambalo kila mama huniuliza. "Nimekosea wapi kumlea?"

Nilimshika mkono. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha utafiti uliopima vinasaba vya watu karibu 500,000. Hawakukuta kinasaba kimoja kinachomfanya mtu awe shoga. Walikuta vingi, kila kimoja na mchango mdogo, vikichanganyika na mambo mengine ya maisha ambayo hakuna anayeyachagua. Hakuna ugali uliompikia, hakuna kiboko ulichomnyima, hakuna mgongo uliombebea muda mrefu mno. Nimepokea watoto wengi kwa mikono hii. Katika nyumba moja, chungu kimoja, adhabu zile zile na sala zile zile, wanatoka watoto ambao kila mmoja ana njia yake. Mama yao hakuwagawia mioyo.

Baba yake alikuwa na hoja nyingine, na siku iliyofuata nilimfuata shambani kuisikiliza. Aliniambia watu hawa wanaharibu watoto. Hoja hii naichukua kwa uzito kuliko zote, kwa sababu nimejaza fomu za polisi za PF3. Nimewashika watoto waliobakwa na watoto waliolawitiwa, nimewaosha, nimewaandikia maelezo ya kwenda polisi na kulala nisipate usingizi. Wengi walioletwa kwangu walikuwa mabinti wadogo, na waliotajwa walikuwa wanaume wenye wake zao: mjomba, baba wa kambo, jirani anayeaminika. Anayemgusa mtoto ni mhalifu, awe amemgusa wa kike au wa kiume, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenda naye kituoni. Lakini watu wazima wawili waliokubaliana ni habari nyingine kabisa. Tukizichanganya habari hizi mbili, anayefaidika ni yule mjomba, maana macho ya kijiji yanamtazama fundi wakati mtoto analia katika nyumba ya mtu mwenye heshima zake.

Akasema tena, haya yameletwa na wazungu. Wengi wetu tunaamini hivyo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwaka 1892 Mwaustria aitwaye Oskar Baumann alipita katika nchi zetu. Ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kuifikia Ngorongoro, na safari hiyo hiyo ilimfikisha katika nchi ya Wairaqw. Mwaka 1899 yakachapishwa maandishi yake kuhusu Zanzibar, na humo alieleza wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake, watu aliowakuta wakiishi mjini humo na kujulikana na majirani zao. Hizi ni habari za kabla ya redio na kabla ya simu, kabla babu zetu hawajaona suruali. Alichokuja nacho mzungu ni kifungu cha sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika iliandikwa na Waingereza, ikaanza kutumika mwaka 1930, na ndani yake kulikuwa na makosa ambayo Waingereza walikuwa wakiyaadhibu kwao na katika makoloni yao. Kwao Uingereza na Wales waliyafuta kwa watu wazima faraghani mwaka 1967. Sisi tulibaki nayo, na mwaka 1998 tukayaongezea uzito.

Wakurya wa Mara wana desturi ya nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anamtolea mahari mwanamke mwenzake, wanaishi mji mmoja, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba hiyo. Hii si habari ya mapenzi ya jinsia moja na sitaki kuipotosha. Nawatazama majirani. Wanawaona wanawake wawili wenye mji wao, wanaamkia, wanapita. Nani analala wapi, baba wa mtoto ni nani, hawaulizi. Uwezo huo wa kuamkia na kupita upo Tanzania hii hii, kwa watu wenye mila nzito kuliko zetu.

Sasa sheria, maana siwezi kumshauri mzazi nikamficha. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile. Zanzibar ina sheria yake, nayo ni kali. Kijana wa Gehandu anapaswa kujua hilo, na mzazi pia. Lakini isome sheria hiyo mpaka mwisho uone: inazungumzia kitendo. Haimwadhibu mtu kwa moyo wake. Haimwagizi baba amtoe mwanawe nyumbani, wala mwenyekiti wa kitongoji achungulie madirishani. Tena Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ujumbe ule uliosomwa kwenye simu ya kijana ulikuwa mawasiliano yake.

Katika nchi nyingine za Afrika mambo yanakwenda huku na huku. Msumbiji ilifuta adhabu za namna hii mwaka 2015, Mahakama Kuu ya Botswana ikazifuta 2019, Mahakama ya Juu ya Mauritius 2023. Kenya, mahakama yake ya juu kabisa iliamua Februari 2023 kwamba kundi la kutetea mashoga na wasagaji haliwezi kunyimwa usajili, ingawa kitendo bado ni kosa kisheria. Uganda ilipitisha mwaka huo huo sheria yenye hata adhabu ya kifo. Lakini Mahakama ya Katiba ya Uganda ilipoiacha sheria hiyo isimame, tarehe 3 Aprili 2024, kuna vifungu ilivyoviondoa, na kimojawapo ni kile kilichowalazimisha watu kuripotiana. Majaji walioiacha adhabu ya kifo walikataa kumgeuza kila jirani kuwa mpelelezi.

Kwetu tulikaribia hapo. Tarehe 29 Oktoba 2018 Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa taarifa kwamba hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Taarifa ya wizara haikusambaa kijijini. Ile ya majina ilisambaa. Nilisikia watu kwenye kijiwe cha bodaboda wakitajana kwa kicheko, na nilisikia kwa masikio yangu jina la mvulana ambaye kosa lake lilikuwa kutembea kwa madaha na kupenda kushona.

Zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, Februari 2017, serikali ilikuwa imezuia vituo 40 vilivyotoa huduma za UKIMWI kwa makundi yaliyo katika hatari kubwa, kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Kama muuguzi niliumia. Virusi havisomi sheria. Mwanamume anayeogopa kutajwa haendi kupima. Asiyepima hatumii dawa. Na wengi wa wanaume hawa wameoa, kwa sababu ndivyo tulivyowashinikiza wafanye. Mke wake anakuja kliniki ya wajawazito Mbulu au Hanang, anapimwa, anakutwa na virusi, anajiuliza ametoa wapi. Nimekaa na mwanamke wa namna hiyo. Hakuna aliyemtendea haki, kuanzia wakwe waliomfungisha ndoa kijana wao wakijua.

Na anayefukuzwa anakwenda wapi? Bibi yangu alikuwa na boma la Wadatooga. Kijana wa leo anapanda basi la Babati, kisha Arusha, kisha Dar es Salaam, anakodi chumba mahali ambapo hana mjomba wala shangazi, na anaanza kuishi kwa kuchagua maneno. Wapo watu huko ambao kazi yao ni kuwatafuta vijana hawa kwenye simu, kujifanya wapenzi, kuwapiga picha na kuwadai hela. Wanalipa, kwa sababu hawawezi kwenda polisi na hawana nyumbani pa kurudi. Mzazi anayemfukuza mwanawe ili aepuke aibu anamkabidhi kwa watu hao.

Mimi ni Mkatoliki wa Jimbo la Mbulu, nasali kila siku, na sioni sababu ya kuiacha imani yangu mlangoni ninapoandika haya. Najua Kanisa linavyofundisha kuhusu vitendo. Lakini Katekisimu ile ile ya mwaka 1992, katika sehemu ile ile, inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima, kwa huruma na kwa uangalifu, na kwamba kila dalili ya kuwabagua bila haki iepukwe. Januari 2023 Papa Fransisko alisema wazi kwamba kuwa hivyo si jinai, na akasema maaskofu wanaounga mkono sheria za kuwafunga wanapaswa kubadilika. Mwaka uliofuata maaskofu wa Afrika walikataa baraka kwa wenzi wa jinsia moja, na ndugu zetu Walutheri wa KKKT walishatangaza mwaka 2010 kwamba hawakubali ndoa hizo, ingawa Walutheri wenzao wa Kanisa la Norwe leo wanazifungisha makanisani kwao. Sawa. Fundi wetu hakuomba ndoa wala baraka. Aliomba kulala kwao.

Kwenye jumuiya ndogo ndogo tunasoma kila mwaka habari ya mwanamke aliyeletwa mbele ya Yesu mawe yakiwa tayari mikononi. Baba wa kijana ni msomaji mzuri. Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyetusomea mara ya mwisho. Hakunijibu. Aliendelea kupalilia mstari mzima, kisha akaniuliza, "Na mvua je?"

Sikumcheka. Nilimwelewa, kwa sababu sote wawili tulilelewa na watu waliokaa metimani. Nikamwambia awahesabu mabinti wa Gehandu waliozaa nyumbani kwao tangu tulipoacha kuwafukuza. Wanajifungulia zahanati, mama zao wanawapelekea uji, na babu ndiye anayembeba mtoto kwenda kanisani. Imechukua muda mrefu. Hata shule zilikuwa zinawafukuza mabinti wenye mimba mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waruhusiwe kurudi darasani baada ya kujifungua. Ukame tumeupata, na miaka ya njaa tumeipata, wakati wa kufukuza na wakati wa kutofukuza. Mtama haukuwahi kuuliza.

Kijana hakufukuzwa. Sitasema nyumba imejaa furaha. Kwa miezi mingi baba na mwana walikula kwa zamu, na dada aliyesoma ujumbe ule alilia mbele ya kaka yake kabla hajaweza kumwangalia usoni. Kwenye jumuiya mwanamke mmoja aliuliza kijana ataoa lini, kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Mama akamjibu kwamba mwanawe ana kazi nyingi na afya njema, ashukuriwe Mungu, na akampokeza sahani ya makande. Swali halijaulizwa tena.

Hivi karibuni mama alinipigia simu. Baba anataka kumkatia kijana kipande cha shamba, kama alivyowafanyia kaka zake, lakini anaogopa kwamba ndugu zake watauliza anajenga ili akae na nani. Nikamwambia wamwite mwenyekiti wa kitongoji, wapime kwa hatua mbele ya wazee, mipaka ipandwe minyaa, waandike, mashahidi watie sahihi, na nakala moja ibaki ofisi ya kijiji. Karatasi ile ina nafasi ya jina la anayetoa, jina la anayepokea na majirani wa pande nne. Waijaze hivyo, kabla ya msimu wa kulima.